Ruzuku na Sanaa ya Jamii Kandokando ya Barabara ya Thika

Wadi ya Theta iko katika eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, baina ya Ruiru na Thika. Ukanda huu ulijulikana kwa mashamba ya kahawa na mkonge kabla ya viwanja vya nyumba, vyuo na barabara kuu kuubadilisha sura. Sanaa ya umma katika ukanda huu na majirani zake, kuanzia Kiambu hadi Murang'a, ina historia ya miaka sabini hivi: michoro ya makanisani, maigizo ya uwanjani, sanamu za mashujaa, kuta zilizopakwa rangi na vijana wa mitaa. Kila kazi ya aina hiyo ilihitaji fedha, na namna fedha hizo zilivyopatikana ndiyo iliyoamua mara nyingi nani angesema, angesema nini, na kazi ingedumu muda gani.

Ruzuku ni fedha ambayo mpokeaji harudishi lakini hutolewa hesabu. Hapo ndipo inapotofautiana na mkopo, pia na biashara ya kuuza picha kwa mtalii. Katika sanaa ya jamii tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu ukuta wa soko hauuziki na igizo la kijijini halina tiketi ya kutosha kulipa gharama zake. Lazima mtu au chombo fulani kigharimie kitu ambacho watu wote watakitumia bila malipo.

Aliyetangulia kugharimia kazi kubwa ya aina hiyo katika eneo hili alikuwa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari ambayo serikali ya kikoloni ilitangaza kupambana na uasi wa Mau Mau, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la ukumbusho mjini Murang'a, ambao wakati huo uliitwa Fort Hall. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau, na likaitwa kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Kazi ya kuchora kuta zake alipewa Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma sanaa Makerere katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Michoro ilikamilika mwaka 1959. Ni mitano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa.

Ukisimama mbele ya michoro hiyo, jambo la kwanza kuonekana ni nchi yenyewe. Vilima ni vya Murang'a, mimea ni ya pale, na Yesu ni Mwafrika miongoni mwa Waafrika. Katika mwaka 1959 hilo halikuwa jambo dogo: waumini wengi walikuwa wamezoea picha za Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia zilizoletwa na wamisionari. Aliyelipia kazi alikuwa na ujumbe wake kuhusu vita vilivyokuwa vikiendelea, na ujumbe huo ulipendelea upande mmoja wa jamii iliyogawanyika vibaya. Hata hivyo mchoraji alitumia nafasi aliyopewa kuwarudishia watu wa kawaida sura zao wenyewe ukutani, na ndiyo sababu michoro imeendelea kupendwa na vizazi ambavyo havikuwa na habari ya ugomvi wa kiapo.

Uhuru ulileta mfadhili wa aina nyingine. Mwaka 1963 mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, Ezekiel Mphahlele, alifungua Kituo cha Utamaduni cha Chemchemi mjini Nairobi. Alitoka Paris, ambako alikuwa akisimamia shughuli za Afrika za Congress for Cultural Freedom, na fedha za kituo zilipitia shirika hilo. Chemchemi kilikuwa na ukumbi wa picha uliosimamiwa na Elimo Njau, kikundi cha maigizo na warsha za uandishi, na Mphahlele hakuridhika kukaa mjini tu. Alizunguka shule za mikoani akiendesha warsha za uandishi na maigizo.

Miaka michache baadaye habari zikafichuka. Kati ya 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha za Congress for Cultural Freedom zilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, zikipitishwa kwenye mifuko ya ufadhili kama Farfield Foundation. Wasanii wengi waliofaidika nazo hawakuwa na habari, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba warsha za Chemchemi zilikuwa propaganda. Lakini kisa hicho kiliacha alama. Tangu hapo, mtu yeyote Afrika Mashariki anayepokea fedha za nje kwa ajili ya utamaduni huulizwa chanzo chake, na swali hilo ni halali kabisa. Chemchemi hakikudumu miaka mingi. Njau pamoja na wenzake, wakiwemo Jonathan Kariara na Terry Hirst, walianzisha Paa ya Paa mwaka 1965, nyumba ya sanaa iliyokuwa ya Waafrika wenyewe. Baadaye ilihamia Ridgeways, kwenye Barabara ya Kiambu, ikateketea kwa moto mwaka 1997, na ikainuliwa tena kwa msaada wa marafiki.

Kisa kinachostahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii ni cha Kamiriithu, kijiji kilicho karibu na Limuru, upande wa pili wa Kiambu. Kamiriithu kilizaliwa kama kijiji cha Hali ya Hatari, watu walipokusanywa kwa nguvu na serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, vibarua wa mashamba ya chai, wakulima wadogo, na watu wasio na kazi. Palikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana, lakini kilichosimama juu yake kilikuwa kibanda cha udongo cha vyumba vinne kilichochakaa, na karakana ndogo ya useremala.

Mwaka 1976 wanakijiji walimfuata Ngũgĩ wa Thiong'o, profesa wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuwa akiishi jirani, wakamtaka ashiriki. Pamoja naye alikuwepo Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya chuo hicho. Kituo kilianza na madarasa ya kisomo cha watu wazima. Waliojifunza kusoma walitaka kitu cha kusoma kinachowahusu, na kutoka hapo likazaliwa wazo la tamthilia. Waandishi hao wawili walitunga Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu na kuileta mbele ya wanakijiji mwaka 1977, nao wakaikosoa. Wazee walirekebisha lugha ya wahusika wa rika lao, wanawake wakaleta nyimbo na ngoma za zamani, na wafanyakazi wa kiwandani wakasahihisha namna hali zao za kazi zilivyoelezwa. Mazoezi yalifanywa hadharani chini ya uongozi wa Kĩmani Gecaũ, kila mpita njia akiwa na haki ya kusimama na kutoa maoni. Kufikia siku ya kwanza ya onyesho, kijiji kizima kilikuwa kinajua maneno.

Gharama zilibebwa kwa mtindo wa harambee. Watu walichanga fedha kidogo kidogo, wakajitolea kazi ya mikono, na kujenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye viti vya watu wapatao 2,000. Hakukuwa na mfadhili aliyekaa ofisini akisubiri ripoti. Waliotakiwa kuridhika na hesabu walikuwa wanachama wenyewe, kwenye mikutano yao. Tamthilia ilisimulia kisa cha Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, ambaye hati ya shamba lake inanyakuliwa na tajiri kupitia mkopo wa benki. Wengi waliotazama walikuwa wameishi kisa hicho.

Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi kutoka maeneo ya mbali. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo mkuu wa wilaya ya Kiambu alifuta kibali, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti, ambalo liko karibu na Ruiru. Huko ndiko alikoandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, kwenye karatasi za chooni. Aliachiliwa Desemba 1978. Kamiriithu walijaribu tena na tamthilia ya muziki, Maitũ Njugĩra, lakini mapema mwaka 1982 wakafungiwa milango ya ukumbi wa taifa mjini Nairobi. Tarehe 12 Machi 1982 polisi waliojaa malori matatu walifika Kamiriithu wakabomoa ukumbi hadi chini. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, wakapeleka mbinu zile zile kwa vikundi vya maigizo vya jamii huko.

Kamiriithu hutajwa sana kama kisa cha udhibiti wa serikali, na ni kweli. Katika habari ya ufadhili kinafundisha jambo lingine. Mradi usio na mfadhili ulikuwa na uhuru wa kusema ulivyotaka, lakini haukuwa na kinga yoyote. Hapakuwa na ubalozi wa kulalamika wala mkataba wa kuuliza fedha zimekwenda wapi, na mali yote ya jamii ilikuwa mbao na mabati yaliyoweza kuondolewa kwa alasiri moja.

Baada ya hapo, kwa miaka kumi na zaidi, sanaa ya kijijini Kiambu ilijificha katika picha. Shine Tani, aliyekuwa mwanasarakasi wa mitaani, alianzisha studio ya Banana Hill mwaka 1991 pamoja na mkewe Rahab, na nyumba yao ikawa shule ya wachoraji waliojifunza bila vyeti. Huko Ngecha, karibu na Limuru, wachoraji kama Wanyu Brush walikuwa na umoja wao kufikia katikati ya miaka ya 1990. Vikundi hivi viliishi kwa kuuza picha kwa wageni kupitia maduka ya sanaa ya Nairobi, hasa Gallery Watatu. Soko hilo liliwalisha watu wengi, ila lilikuwa na kasoro moja kubwa: picha zilizochorwa Kiambu zilienda kutundikwa Ujerumani na Marekani, na watoto wa Ngecha hawakuziona tena.

Ruzuku kwa maana ya sasa ilianza kujengeka mwaka 1995, Rob Burnet alipoanzisha Kuona Trust katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Msanii kijana alipata pale nafasi ya kufanyia kazi, vifaa na wenzake wa kumkosoa. Ford Foundation, ambayo imekuwa na ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa kizazi hicho cha vituo. Mwaka 2003 kilifunguliwa kituo cha GoDown katika ghala la zamani kwenye Barabara ya Dunga, eneo la viwanda, chini ya uongozi wa Joy Mboya. Wafadhili wengine walikuwemo, hasa kutoka Uholanzi na nchi za Skandinavia, pamoja na vituo vya utamaduni vya Ujerumani, Ufaransa na Uingereza.

Mfumo huo ulikuja na taratibu zake, na taratibu hizo zinafanana hadi leo. Mfadhili hutangaza mwito. Kikundi huandika pendekezo la mradi: lengo, walengwa, shughuli, muda, bajeti. Kikikubaliwa, hutia saini mkataba na kupokea fedha kwa awamu. Awamu ya pili haitoki mpaka ripoti ya kwanza ifike pamoja na stakabadhi. Kikundi cha vijana wa Ruiru au Juja kinachotaka kuchora ukuta wa shule kinahitaji cheti cha usajili, katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kisha huja mambo ya ukuta wenyewe: barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye jengo, chokaa ya zamani kukwaruzwa, nyufa kuzibwa, rangi ya chini kupakwa, jukwaa la mbao kukodiwa, na rangi ya nje isiyochujuka kwa mvua ya Aprili. Mara nyingi bajeti hupangwa vizuri kwenye rangi na kusahau nauli na chakula cha wanaochora.

Muda ndio tatizo gumu. Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja au miwili. Kuijua jamii, kukaa na wazee, kusikiliza wanawake wa soko na kuwashawishi vijana wasioamini mtu yeyote anayekuja na kamera, yote hayo huchukua muda mrefu kuliko mkataba. Kikundi kinachobanwa na tarehe huruka hatua hiyo, na matokeo yake ni ukuta mzuri ambao hakuna anayeuona kuwa wake. Mada pia huenda zikachaguliwa mbali. Katika miaka ya 1990 na 2000 fedha nyingi za maigizo ya jamii zilikuja kwa ajili ya Ukimwi na elimu ya uraia. Kazi hiyo ilihitajika na iliokoa maisha, lakini ilizoesha vikundi vingi kungoja kuambiwa cha kuigiza.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalionyesha kitu tofauti. Huko Kibera, Nairobi, wachoraji wa Maasai Mbili, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2001 na waandishi wa mabango Otieno Gomba na Otieno Kota, walitoka na brashi barabarani kabla ya mfadhili yeyote kufika. Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, aliandika miito ya amani kwenye kuta na mabati mtaa baada ya mtaa. Fedha zilikuja baadaye kuunga mkono kile ambacho tayari watu walikuwa wamekianza, na huo ndio mpangilio ambao umezaa kazi bora zaidi katika historia hii yote. Mwaka 2013 tamasha la Nai Ni Who la GoDown lilifuata njia hiyohiyo kwa makusudi: mitaa ya Nairobi ilipewa nafasi ya kupanga wikendi zake na kuamua ingejionyesha vipi.

Kwenye Barabara ya Thika yenyewe, iliyozinduliwa upya kama barabara kuu mwaka 2012, sanaa ya umma inayoonekana zaidi haina ruzuku hata kidogo. Ni matatu. Wenye magari hulipa wachoraji kutoka mifukoni mwao, kwa kuwa abiria wa Ruiru, Juja na Thika hupenda gari lililopambwa. Kanuni za mwaka 2004 ziliyavalisha magari hayo mstari wa manjano na kuyanyang'anya michoro. Rais aliondoa makatazo mwaka 2014, na rangi zikarudi. Mafundi hao wanajua kuchora sura ya mtu kwa hewa ya kompresa kwa ustadi ambao vyuo vingi havifundishi, na ni nadra kuwaona katika orodha za wanaopewa ruzuku.

Serikali nazo zimekuwa wafadhili wa sanamu. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe Kamiti, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu yake katikati ya Nairobi, kazi ya Kevin Oduor. Uingereza ilifuata kwa sababu nyingine. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,200 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, wengi wao kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, na ikaahidi kugharimia mnara wa ukumbusho. Ulizinduliwa Uhuru Park tarehe 12 Septemba 2015. Unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja amegeuza uso asimwone mwenzake, ili akikamatwa asiweze kumtaja. Jambo hilo dogo linajulikana kwa mtu aliyeishi ndani ya vita hivyo, na lilipatikana kwa kuwa vyama vya wapiganaji wa zamani vilikuwa mezani pamoja na mfadhili. Kanisa la Murang'a lilikuwa limekumbuka upande mmoja wa wafu. Mnara wa Uhuru Park ukakumbuka upande mwingine, kwa fedha za dola ileile iliyowatesa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mahali pa kuomba. Kifungu cha 11 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka serikali iendeleze sanaa, na Jedwali la Nne linazipa kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho, maktaba na bustani. Kaunti pia ndizo zinazosimamia matangazo ya nje, kwa hiyo mchoro wa ukutani unaofanana na tangazo la biashara unaweza kudaiwa ada. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, mkazi wa Theta anaweza, katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, kudai fungu la sanaa kama anavyodai barabara ya murram au maji. Ugumu uko katika sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, ambayo huelekea kumtazama mchoraji kama mkandarasi: zabuni, nyaraka za ushuru, bei ya chini kabisa. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 iliviwekea vikundi vidogo msingi wao wa kisheria, hivyo kikundi cha wadi kinaweza kutia saini mkataba kwa jina lake badala ya kutegemea shirika la mjini.

Wakati huohuo fedha za nje zimekuwa zikiyumba. Mwaka 2017 Kuona Trust ilifikia mwisho wake kama dhamana, na wasanii waliokuwa na studio pale wakaunda umoja na kuanza kulipa gharama wenyewe. Wajukuu Art Project ya mtaa wa Mukuru, Nairobi, iliyoanzishwa na vijana wa mtaa wakiwemo Shabu Mwangi na Ngugi Waweru, ilikuwa imeishi kwa mtindo huo tangu mwanzo: walichora, wakauza, wakaweka sehemu ya mapato katika maktaba na masomo ya sanaa ya watoto wa mtaa. Mwaka 2022 walialikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, wakafunika mlango wa ukumbi kwa mabati yaliyoota kutu kama ya Mukuru, na kutunukiwa Tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Mwaka huohuo Ngaahika Ndeenda ilipanda jukwaani Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya kufutiwa kibali. Huko Kamiriithu, kwenye kiwanja cha ukumbi uliobomolewa, serikali ilikuwa imejenga chuo cha ufundi cha vijana.